Alichosema Maano

Nkirote alipofika Garissa kutoka Maua, hakujua neno hata moja la Kisomali. Alikuwa ameletwa kama mkaguzi wa mazingira. Kazi yake ilikuwa kuzunguka machimbo, machinjio na majaa ya taka, aone kama wenye leseni wanafuata masharti waliyokubali. Ofisi ilimpa gari na dereva, na dereva huyo aliitwa Hamze.

Hamze alikuwa mtu wa makamo, mpole, asiyependa kupiga honi hata akizingirwa na ngamia. Ndiye aliyemfundisha Nkirote kusalimia watu na kushukuru. Ndiye aliyemwonya ni nyumba gani avue viatu na ni mzee gani asimpe mkono. Msimu mmoja wa mvua homa ilimshika Nkirote wakiwa Ijara, barabara imekatika. Hamze alimlaza kiti cha nyuma, akaiacha barabara na kufuata njia za mifugo porini, akisukuma gari kwenye tope kila lilipozama, mpaka akamfikisha hospitalini. Mkewe, Deka, akakaa naye wodini kama ndugu. Tangu siku hizo Nkirote alikuwa akimwambia mama yake kwenye simu asiwe na wasiwasi, huku amepata kaka.

Kwa kuwa Hamze alikuwa dereva, akawa mkalimani pia. Hakuna aliyelipanga jambo hilo, lilitokea tu. Wanaume wengi walikijua Kiswahili cha sokoni na cha ofisini. Wanawake waliokaa na mbuzi, na ambao ndio waliokuwa jirani na sehemu alizozikagua, wengi hawakukijua. Kila waliposema, Nkirote alimgeukia Hamze, na Hamze akamwambia kwa sauti ya chini.

Miongoni mwa sehemu hizo palikuwa na jaa la Muse, upande wa Fafi, si mbali na Bura. Kampuni moja ilikuwa ikifyeka ardhi ya mashamba ya kumwagilia maji, iking'oa mathenge, ule mti wa miiba ulioenea kote, pamoja na vichaka vingine. Visiki, mizizi na matawi vilihitaji pa kutupwa. Muse, mfanyabiashara wa hapo mwenye malori, alipata leseni ya kuvizika katika shimo la zamani la murram, udongo wa kujengea barabara. Leseni ilisema wazi kwamba ndani yaingie miti, udongo na mawe tu. Kila safu ifunikwe na kushindiliwa, kwa sababu visiki vikirundikwa ovyo huacha mianya, joto hujikusanya humo, na moto ukishaingia chini unaweza kula kwa miezi bila mtu kuuona. Na shimo lizungushiwe ua, mtu wala mnyama asipite.

Mara ya kwanza alipolikagua, mwaka uliopita, Nkirote alilikuta safi. Wakati wa kuondoka, kundi la wanawake liliwasubiri langoni. Aliyetangulia alikuwa bibi mrefu mwenye kitambaa cha kijani kichwani, jina lake Maano. Alisema kwa muda, akionyesha barabara, kisha shimo, kisha mbuzi wake. Hamze alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Wanashukuru umekuja," alisema mwishowe. "Wanasema maji ni shida hapa. Kama ofisi inaweza kuwasaidia na tanki."

Nkirote akacheka. "Mbona amesema mengi kuliko hayo?"

"Wazee wetu huzunguka, madam. Kabla ya kuomba lazima aeleze habari za mbuzi wote."

Nkirote aliushika mkono wa Maano kwa mikono yake miwili. "Mahadsanid, ayeeyo," akasema, asante, nyanya, vile alivyofunzwa na Hamze. Maano akamtazama, akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyeridhika.

Lile tanki Nkirote alilipigania. Halikuwa kazi yake, lakini aliingia ofisi hii na ile, akangoja kwenye mabenchi, akaambiwa arudi, akarudi. Mwishowe tanki kubwa jeusi likapelekwa na kuwekwa karibu na manyatta ya akina Maano, na gari la maji likawa linapita kulijaza. Hakuna kazi aliyoifanya huku iliyomfurahisha kama hiyo.

Mwaka huu, mvua zilipokwisha, wakaenda kukagua tena. Nkirote aliomba wapitie kwanza kwenye tanki. Walilikuta limesimama juu ya kitako chake cha saruji, limejaa mpaka juu, bomba lake halijaguswa, utando wa buibui umelifunga mdomo. Mbuzi walikuwa wamelala kivulini mwake. Kwa mbali wanawake wawili walikuwa wakija na punda waliobeba mitungi, wakitoka mtoni.

"Kwa nini hawachoti hapa?" Nkirote aliuliza.

"Watu wa hapa wamezoea maji ya mto," Hamze alijibu. "Watazoea na haya."

Jibu hilo halikumtosha, lakini walikuwa wamechelewa.

Muse aliwapokea langoni na chai ya maziwa ya ngamia. Alikuwa mzee mnene, ndevu zake zimepakwa hina, mcheshi. Alimsalimia Hamze kwa kichwa tu, vile mwenye mali anavyomsalimia dereva wa serikali. Nkirote alizunguka shimo kwa miguu. Upande wa nyuma aliona kona imefunikwa udongo mpya, mwekundu kuliko mwingine, na ua wa matawi hapo umeanguka. Palikuwa na harufu asiyoifahamu vizuri, kama ya mpira. Aliinama akaweka kiganja chini. Udongo ulikuwa moto.

"Hiyo ni jua, madam," Muse alisema akicheka. "Hapa ni Garissa. Hata mawe inaiva."

Nkirote naye akacheka. Alimwambia asimamishe ua upya na aongeze udongo pale, na Muse akakubali bila ubishi.

Maano alikuwa langoni tena, na wanawake wengi zaidi nyuma yake. Safari hii hakumpa mkono. Alimsogelea mpaka nyuso zao zikakaribiana, akasema neno moja moja, kwa utaratibu, kama mtu anayesema na mtoto mzito wa kuelewa. Alionyesha mguu wake mwenyewe, kutoka wayo mpaka goti. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mjukuu wake anaitwa Sahro," Hamze alisema kwa sauti yake ya chini. "Anaumwa mguu, amelazwa Garissa. Anaomba umwombee. Na asante kwa tanki."

Nkirote aliingiwa na huruma. Aliweka mkono kifuani, akatabasamu, akasema, "Inshallah atapona, ayeeyo."

Maano aliendelea kumtazama, kisha akageuka na kwenda zake, na mmoja wa wale wanawake akacheka kicheko kifupi kisichokuwa na furaha. Garini Nkirote aliuliza walichokasirikia. Hamze alisema ni uchungu tu wa mgonjwa.

Walisimama Bura kwa sababu adhuhuri ilikuwa imeingia. Hamze akaenda msikitini, Nkirote akaketi kwenye hoteli ya kando ya barabara na kuagiza chai na anjera, mkate mwembamba wa Kisomali. Alikuwa hajaanza kula msichana aliyevaa hijabu ya bluu aliposimama mbele yake.

"Wewe ndiye wa mazingira?" msichana aliuliza kwa Kiswahili safi.

"Ndimi. Karibu."

"Mimi ni Ikran. Nafundisha watoto wa chekechea hapa tangu Januari. Nilikuwa pale langoni nyuma ya ayeeyo Maano." Alisita, akashusha pumzi. "Nimekuja kukuuliza kitu kimoja tu. Mtu anakuambia mtoto wake ameungua, wewe unatabasamu. Unatabasamia nini?"

Nkirote aliweka kikombe chini. "Ameungua? Mimi nimeambiwa anaumwa mguu."

"Umeambiwa na nani?"

Nkirote aligeuka kutazama upande wa msikiti. Ikran alifuata macho yake, na hasira usoni pake ikaanza kuondoka, ikaja nyingine. Alivuta kiti akaketi.

"Ngoja nikuambie alichosema," alisema. "Amesema hivi. Chini ya ile ardhi kuna moto. Mbuzi aliingia pale ua ulipoanguka, Sahro akamfuata, ardhi ikafunguka, mguu ukazama ndani ya makaa mpaka goti. Amesema, mwaka jana nilikuambia kwamba malori yanaleta matairi na oili chafu na kuyafukia chini ya visiki, nikakuomba uyasimamishe. Ukanishika kwa mikono yote miwili, ukasema asante. Kisha ukatuletea tanki. Amesema, mimi sikukuomba maji, mimi nilikuomba uwafukuze. Leo mjukuu wangu hana mguu wa kutembelea, unasemaje?" Ikran aliinamia meza. "Na wewe ukasema Inshallah."

Nje lori la mifugo lilipita na vumbi likaingia mpaka mezani.

"Ndiyo maana hawachoti," Nkirote alisema.

"Walisema ni tanki la kuwafunga midomo. Wameapa kutokunywa maji yake. Tulidhani umenunuliwa."

Nkirote aliitazama chai yake. Alikumbuka jinsi Maano alivyotikisa kichwa siku ile, ameridhika, kwa sababu alikuwa ameshikwa mkono na kushukuriwa na mtu wa serikali, naye akaamini amesikilizwa. Alikumbuka mabenchi aliyoyakalia kwa ajili ya tanki. Alisukuma sahani ya anjera kando.

Hamze alirudi suruali yake ikiwa bado imekunjwa juu ya vifundo. Alipomwona Ikran, akasimama mlangoni.

"Hamze," Nkirote alisema, "Maano amesema nini leo?"

"Nimeshakuambia, madam."

"Niambie tena."

"Mtoto anaumwa mguu."

"Mguu umeumizwa na nini?"

Hamze alishika mgongo wa kiti lakini hakuketi. Mwenye hoteli aliacha kupangusa meza, akawatazama.

"Moto," Hamze alisema.

"Na mwaka jana alisema nini?"

"Mwaka jana moto haukuwepo." Sauti yake ilikuwa ndogo, ile ile aliyozoea kumtafsiria. "Alisema habari za matairi. Mimi nilimwambia abti aache. Aliniahidi ataacha."

"Abti nani?"

"Muse. Ni kaka wa mama yangu. Baba alipokufa yeye ndiye alinichukua. Shule ni yeye, harusi yangu na Deka ni yeye. Ningefanya nini?"

Nkirote alikumbuka Muse akimsalimia Hamze kwa kichwa. Mtu na mpwa wake, aliyemlea kwa mkono wake mwenyewe, wamesimama mbele yake wakijifanya hawajuani, naye katikati yao anakunywa chai.

"Sikukuomba umshtaki mjomba wako," alisema. "Ungeniambia tu, madam, yule ni mjomba wangu, tafuta mwingine wa kukutafsiria. Nisingekuuliza zaidi."

"Nilikuwa nataka kukuambia."

"Lini? Mimi nilikuwa natembea na wewe kila siku."

Ilimjia Nkirote kuuliza swali jingine, na alilijua jibu kabla hajaliuliza. "Kila mara tukienda kwa Muse, ulikuwa unampigia simu kabla?"

"Ndiyo."

Nkirote alisimama. Alimwomba Ikran aende naye, na Ikran akakubali. Kisha akamwambia Hamze, "Unaweza kuendesha au ukabaki hapa. Lakini huko hutafungua mdomo."

Hamze aliendesha.

Walimkuta Maano kando ya barabara, akielekea nyumbani. Ikran alishuka akasema naye. Bibi alisikiliza, akamtazama Hamze kupitia kioo kwa muda mrefu, kisha akapanda nyuma bila kumtazama Nkirote. Walipofika kwenye jaa, bibi hakuhitaji kuulizwa. Aliwapeleka mpaka kwenye ile kona ya udongo mwekundu na kusimama mbali nayo kidogo, akainyooshea fimbo.

Muse alikuja akitembea haraka. "Madam, tulishamaliza asubuhi."

"Nataka kona hii ifukuliwe."

"Mashine imeharibika."

Tingatinga lilikuwa limeegeshwa kivulini, na dereva wake, kijana wa Thika aliyeitwa Brayo, alikuwa amekaa kwenye mnyororo wake akila miraa. Nkirote alimwita. "Mashine ni mbovu?"

Brayo alimtazama Muse, kisha akamtazama Maano na wanawake waliokuwa wameanza kukusanyika kwenye ua. Akatema majani. "Mi naendesha tu, madam. Haijaharibika."

Alilipanda, akaliwasha. Kijiko kikubwa cha mashine kilipouma mara ya kwanza ulitoka udongo, na chini yake visiki vya mathenge vimekuwa vyeusi. Kilipouma tena ukatoka moshi mzito, na ndani ya moshi mtu aliweza kuona matairi ya malori, mengine yameyeyuka na kushikana, na mitungi ya plastiki ya oili iliyokunjamana kama ngozi. Hewa ilipoingia, makaa yakawaka, na moto ukapanda mara moja kuliko urefu wa mtu. Wanawake walirudi nyuma. Maano alibaki pale pale akiutazama. Nkirote alimpigia Brayo kelele arudishe udongo, na kijana akafukia kwa nguvu zote, huku akikohoa, mpaka moto ukarudi chini.

Ilipotulia, Nkirote alimwambia Muse kwamba jaa limefungwa kuanzia saa ile, hakuna lori litakaloingia, na kwamba angekutana naye mahakamani. Muse alimwendea Hamze, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa gari, akamwambia neno kwa Kisomali, bila kupaza sauti.

"Anasema nini?" Nkirote alimuuliza Ikran.

"Anamwambia, umeniuza."

Hamze alitazama chini kama mtoto. Kwa mara ya kwanza siku ile Nkirote alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamkasirisha.

Walimrudisha Ikran Bura, wakashika njia ya Garissa. Karibu na mji Hamze alipunguza mwendo. "Madam, nikuambie kitu?"

"Endesha tu, Hamze."

Akaendesha. Alipomshusha, alimbebea mkoba mpaka mlangoni, kama siku zote, na Nkirote akampokonya kabla hajauweka chini.

Kesho yake alikwenda hospitalini. Sahro alikuwa msichana mwembamba mwenye macho makubwa, mguu wake umefungwa bendeji juu ya mto. Maano alikuwa ameshafika, ameketi sakafuni kando ya kitanda. Nkirote alimwomba muuguzi, Sadiyo, amsaidie kutafsiri.

"Mwambie sikujua," alisema. "Mwambie kila alichosema, mwaka jana na jana, sikuambiwa. Sikuelewa hata neno moja."

Sadiyo alimwambia. Maano alifikiri. Alipojibu, hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulipokea.

"Anauliza," Sadiyo alisema, "kama hukuelewa, kwa nini ulijibu?"

Nkirote alibaki amesimama. Sahro aliwatazama wakubwa hao mmoja mmoja, akingoja. Nkirote akasema hana jibu, na Sadiyo akalitafsiri hilo pia. Maano alimsogeza mjukuu wake kidogo, akamfunika, akawapa mgongo.

Msichana hakukatwa mguu, ingawa madaktari walisema utabaki umekakamaa. Kesi ya Muse ilianza, ikaahirishwa, ikaanza tena. Kampuni ya kufyeka ardhi ikatafuta shimo jingine. Nkirote alieleza wakubwa wake yote, na Hamze akahamishiwa kwenye magari ya kubeba maji. Siku moja Nkirote alikutana na Deka sokoni, kwenye wauza maziwa. Alianza kumsalimia. Deka alimtazama kama mtu anayetazama ukuta, akamwambia muuzaji ajaze kibuyu, akaondoka. Nkirote alikuwa amejiandaa kumsamehe Deka. Hakuwa amefikiri kwamba yule mwanamke aliyemlinda wodini naye angejihesabu kuwa amesalitiwa.

Kilichobaki ni zile sehemu nyingine zote walikozunguka pamoja. Aliomba azirudie moja baada ya nyingine, na ofisi ikampa mkalimani, mwanamke aliyeitwa Arbia, asiye na jamaa yeyote katika kazi hizo. Nkirote alihakikisha hilo kwanza. Walianzia Sangailu, penye shimo la kuchimba murram. Hapo Hamze alikuwa amewahi kumtafsiria mzee mmoja, Nunow, aliyesema kwamba shimo halimsumbui ila anataka lifukiwe upande mmoja, ngamia wasianguke.

Mzee alikuwa yupo. Arbia alimuuliza, akasikiliza, akageuka. "Anasema shimo halimsumbui. Anataka tu lifukiwe upande huu, ngamia wasianguke. Anasema alishakuambia."

Hilo ndilo neno lile lile. Hapa Hamze hakuongeza wala kupunguza. Pengine ni hapa tu, pengine ni kila mahali isipokuwa kwa Muse, na hakukuwa na njia ya kujua ila kwenda na kuuliza.

"Kuna shida, madam?" Arbia aliuliza.

"Hapana. Muulize tena."

Arbia alishangaa, lakini akauliza. Mzee Nunow alimtazama Nkirote, akakunja uso, kisha akarudia kwa sauti ya juu kidogo, akionyesha kwa fimbo upande anaotaka ufukiwe.